Kiko na mchanganyiko wa Kiingereza: kuijua ladha yake na kuilinda na ukavu wa Dodoma

Kopo la tumbaku ya kiko likifunguliwa Dodoma mwezi wa Agosti na kuachwa wazi, siku chache zinatosha kuiharibu. Hewa ni kavu, upepo wa kiangazi haupumziki, na tumbaku iliyotoka kiwandani ikiwa laini inasagika vidoleni kama majani ya chai. Mtu anavuta, ulimi unawaka, anapata ladha ya majivu matupu, kisha anasema mchanganyiko huu ni mbaya. Mara nyingi mchanganyiko ni mzuri kabisa, ila maji yameshatoka. Ndiyo maana maelezo haya yanatumia nafasi kubwa kwenye unyevu. Huku kwetu ndio unaoamua kama utaipata ladha au utaikosa.

Tunaozungumzia ni mchanganyiko wa jadi unaoitwa wa Kiingereza, wa Virginia, Oriental na Latakia, bila asali, vanila wala manukato ya kuongezwa. Mtindo huu ulikua Uingereza, ambako sheria za zamani zilibana sana uwekaji wa viungo kwenye tumbaku. Wachanganyaji wakalazimika kutafuta ladha ndani ya jani lenyewe.

Kilichomo ndani ya kopo

Virginia ndiyo msingi. Ni tumbaku ya mvuke, jamii ileile inayolimwa Tabora, Urambo, Kaliua, Chunya na kwa majirani zetu wa Manyoni. Inakaushwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa joto linalopita kwenye mabomba, moshi haugusi jani, na kazi huchukua kama wiki moja. Kwa kuwa inakauka haraka, sukari yake haipotei. Harufu yake ni ya nyasi kavu na mkate uliotoka tanuri, na pembeni kuna kitu cha ganda la limao. Ikikaa miaka ndani ya kopo lililofungwa inaelekea kwenye zabibu kavu, na mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa harufu hiyo. Ubaya wake ni kwamba hiyohiyo sukari huwaka kwa joto kali ukivuta kwa pupa.

Oriental ni majani madogo yanayoanikwa juani, asili yake Uturuki, Ugiriki na nchi za Balkani. Nikotini si nyingi. Inaleta uchachu mwepesi na harufu ya maua makavu na binzari nyembamba, na ndiyo inayounganisha utamu wa Virginia na moshi wa Latakia. Ikikosekana, hivyo viwili vinakaa mdomoni kila kimoja kivyake.

Latakia ndiyo wengi wanayoikumbuka. Jina ni la bandari ya Syria, lakini siku hizi inayopatikana sokoni kwa kawaida inatoka Kupro. Jani la jamii ya Oriental linakaushwa juani kwanza, halafu linatundikwa kwenye banda na kufukizwa kwa muda mrefu kwa moto mdogo wa miti na vichaka vyenye harufu: msonobari, mwaloni, mihadasi na mingineyo. Linatoka jeusi tii. Aliyewahi kuingia tembe la zamani ambalo moto wa kuni umewaka humo miaka mingi, akanusa boriti zilizoshika masizi, ameshakutana na nusu ya harufu ya Latakia. Nusu nyingine ni ubani na ngozi iliyotengenezwa vizuri.

Wengi wanauona weusi wake wanaogopa, wakidhani ni kali kama tumbaku ya moshi ya Songea na Namtumbo. Sivyo. Ile ya Ruvuma ni jani zito lenye nikotini nyingi. Latakia ina harufu kubwa lakini nguvu yake ni ya wastani, inaungua polepole na moshi wake ni wa baridi ukilinganisha na wa Virginia. Anayeanza kiko huchomwa ulimi na Virginia tupu kabla ya kuchomwa na Latakia.

Baadhi ya makopo huongezwa Perique kidogo, jani la wilaya ya St. James huko Louisiana, Marekani, linalochachushwa kwa kukandamizwa ndani ya mapipa kwa takriban mwaka mzima. Ni ukwaju na pilipili manga kwa pamoja, na ikizidi inafunika vingine vyote. Burley, tumbaku ya hewa, ina ladha ya karanga za kukaanga na kakao, lakini katika mtindo huu haina kazi kubwa.

Kusoma mchanganyiko kabla ya kuuwasha

Chukua kiasi cha vidole vitatu, kitandaze juu ya karatasi nyeupe penye mwanga wa jua la asubuhi. Tenga kwa rangi. Njano hadi rangi ya machungwa na kahawia nyekundu ni Virginia. Vipande vidogo vyenye kijani kilichofifia au kahawia hafifu ni Oriental. Vyeusi ni Latakia, ila hapa ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu hata Cavendish, jani lililopikwa kwa mvuke na kukandamizwa, huwa jeusi. Chukua kipande cheusi kimoja ukinuse peke yake. Kikinuka kuni na masizi ni Latakia. Kikinuka sukari iliyoungua au kisinuke kitu, ni Cavendish, na huenda kopo lako si la mtindo tunaouzungumzia.

Weusi ukikaribia nusu ya rundo, tegemea moshi kutawala tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiwa robo, Virginia na Oriental zitasikika vizuri, na kwa anayejifunza ladha hapo ndipo pazuri pa kuanzia.

Unyevu

Tumbaku ya kiko huvutika vizuri ikiwa na unyevu wa asilimia 12 hadi 14 hivi. Makopo mengi yanakuja na zaidi ya hapo. Bana kiasi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada kwa sekunde tatu, kisha achia. Ikibaki donge, ina maji mengi: itandaze kwenye sahani. Pwani wanaweza kuisubiri saa nzima. Dodoma wakati wa kiangazi rudi kuiangalia baada ya dakika 10. Ikifunguka taratibu na kubaki na ulaini, iko tayari. Ikitoa sauti ya kuvunjika, imekauka.

Kipimo cha uhakika ni mizani ya jikoni. Siku tumbaku inapokuwa sawa kwa vidole, ipime na uandike uzito kwenye kifuniko. Tuseme ni gramu 50 kwenye unyevu wa asilimia 13. Ukipima baadaye bila kuwa umechota na ukakuta gramu 47, zimetoka gramu 3 za maji na unyevu umeshuka hadi asilimia 7 na kitu. Gramu 3 ni zaidi kidogo ya nusu ya kijiko cha chai. Kiasi hicho kidogo kinatosha kuua ladha, na ndicho hichohicho unachotakiwa kurudisha, si zaidi.

Kuirudisha, tafuta kigae safi cha chungu cha udongo kisichopakwa rangi, ukubwa wa sarafu mbili. Kichemshe, kisha kiloweke dakika 15 kwenye maji safi ya kunywa. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Chumvi haipandi kwenye tumbaku, lakini inaganda kwenye vitundu vya kigae na baada ya mara chache kigae hakinyonyi tena. Maji ya mvua yaliyochemshwa ni bora. Kifute kigae hadi kisidondoshe tone, kiweke juu ya kipande cha karatasi ya fedha ndani ya chupa ya kioo yenye tumbaku, funga. Baada ya saa 12 itikise, pima, na ikifikia uzito wake toa kigae. Kisikae humo zaidi ya saa 24 bila kukaguliwa.

Usinyunyizie maji moja kwa moja, kwa maana vipande vya juu vinalowa na vya chini vinabaki vikavu. Wala usiweke kipande cha tufaha, karoti au ganda la chungwa, ushauri unaozunguka sana na unaoleta ukungu. Ukiona nyuzi nyeupe zenye manyoya, au harufu ya nguo zilizokaa na maji, tupa yote. Kuchambua sehemu nzuri hakusaidii.

Hifadhi ni chupa ya kioo ya mdomo mpana yenye kifuniko chenye mpira. Mfuko wa plastiki unapitisha hewa polepole na unachukua harufu za jikoni. Weka chini ya kabati, gizani. Kwenye nyumba ya bati, rafu ya juu inapata joto kali mchana. Virginia huzidi utamu kwa miaka, ila Latakia hupungua ukali wake, basi kopo ulilolipenda kwa moshi wake lisikae muongo.

Kujaza na kuwasha

Kwa kujifunza ladha, kiko cha udongo ni kizuri kuliko vyote kwa sababu hakibaki na harufu ya tumbaku iliyopita. Bakuli lake linapata moto, shika karibu na mrija. Kiko cha mti kikishavutiwa Latakia kitaitoa harufu hiyo kwa muda mrefu, kwa hiyo kitengee mchanganyiko huu peke yake.

Bakuli la kawaida linachukua gramu 2 hadi 3. Theluthi ya kwanza iache idondoke yenyewe, usiikandamize. Ya pili ishindilie kidogo tu. Ya tatu ishindilie hadi uso ubaki milimita 4 chini ya ukingo, na ukibonyeza unarudi kama godoro jipya. Msumari wa inchi 4 wenye kichwa bapa, uliosuguliwa ncha, unatosha kuwa kishindilio. Vuta hewa kabla ya kuwasha: upate ukinzani mdogo kama wa soda kwenye mrija. Ukikuta pamebana, mwaga uanze upya. Mti wa kiko haufunguki kwa kuvutwa kwa nguvu.

Tumia kibiriti cha njiti, na usubiri kichwa cha njiti kiishe kuungua, la sivyo pumzi ya kwanza ni kemikali ya kibiriti. Zungusha moto uso mzima. Tumbaku itavimba na kuzima. Ishindilie kwa uzito wa msumari wenyewe na uwashe tena. Huo wa pili ndio moto wa kweli.

Baada ya hapo pumzi moja ndogo kila sekunde 20 hadi 30, moshi ubaki mdomoni, usiingie mapafuni. Bakuli likigusa shavu na usiweze kuvumilia, kiweke chini dakika mbili. Kuzima si kosa, washa tena. Kosa ni kuvutia barazani upepo ukipuliza: hewa inachochea moto kutoka juu hata usipovuta, na hakuna ladha inayobaki.

Theluthi ya kwanza hutoa ubani na uchachu wa Oriental. Katikati, moto ukitulia, utamu wa Virginia unapanda nyuma ya moshi, na hapo ndipo ubora wa mchanganyiko unapopimwa. Chini kabisa ladha inakuwa nzito na unyevu umejikusanya. Ikibaki majivu tu mdomoni, acha, usilazimishe kumaliza.

Kiko kikikoroma kama kikohozi, maji yamejaa mrijani: pitisha waya laini wenye nyuzi za pamba, na mara ijayo kausha tumbaku kidogo zaidi. Ulimi ukiungua, chanzo ni kasi, tumbaku iliyokauka mno au mvuke wa tumbaku iliyolowa. Pumzisha siku mbili. Jasho baridi na kichefuchefu ni nikotini. Acha mara moja, kaa chini, kunywa chai yenye sukari, na usivute tena ukiwa na njaa.

Ukitaka kuchanganya mwenyewe

Kwa gramu 40, anza na Virginia gramu 18, Latakia 12, Oriental 8 na Perique 2. Hakikisha zote zina unyevu sawa kabla ya kuzikutanisha, changanya kwa vidole, funga kwenye chupa wiki tatu. Siku ya kwanza kila jani linasema peke yake, usiuhukumu mchanganyiko hapo. Ukitaka kubadilisha, badilisha jani moja kwa gramu 2, uandike.

Tumbaku ya msokoto inayouzwa sokoni kwa wazee ni kali sana, isizidi gramu 1 mahali pa Perique. Iliyoandaliwa kwa ugoro usiiguse kabisa kama imeshatiwa magadi, kwani magadi yanaifanya nikotini iingie mwilini kwa kasi na moshi unachoma koo.

Hata bila kuvuta hadi mapafuni, kiko kinaleta saratani ya mdomo na koo, na tumbaku inamfunga mtu. Asiyevuta asianze. Anayevuta apunguze idadi ya mabakuli, avutie mbali na watoto, na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu akipeleke kwa daktari. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Ukimaliza, mwaga majivu kikiwa kimepoa, pitisha waya, na usichomoe mdomo wa kiko kikiwa na moto kwa sababu mti uliovimba hupasuka shingoni. Masizi ndani ya bakuli yasizidi unene wa sarafu. Yakizidi, yakwangue kwa kisu butu. Kisha kiache kikae saa 24 kabla ya kukijaza tena.