Igeuze taa uuone mgongo wake

Mteja akiniita Makorora au Raskazone nikamfungie taa za kuzama darini, mara nyingi nakuta keshazinunua. Ziko kwenye mfuko chini ya meza, na mwenye nyumba ananitolea moja kwa furaha nione ilivyo nyembamba na inavyong'aa. Mimi huipokea nikaigeuza. Uso wa taa kila mtu anauona dukani. Mgongo ndio utakaokaa juu ya dari, gizani, chini ya bati la Tanga mwezi wa pili, na huko ndiko taa nyingi zinakofia.

LED haitupi joto mbele kama yale magloba ya zamani yaliyokuwa yakituunguza vidole. Joto lake linabaki nyuma ya kichipu, na lisipopata pa kutokea, mwanga unafifia taratibu mpaka siku unashangaa mbona sebule imekuwa ya jioni saa zote. Kwa hiyo ipime kwa mkono palepale dukani. Yenye mgongo wa aluminiamu uliokatwa mapezi huwa nzito kuliko ya plastiki tupu ya ukubwa uleule. Hapo nachukua nzito, hata kama nyepesi ina urembo zaidi.

Kisha itazame draiva, kale kaboksi kanakoupokea umeme wa volti 230 na kuutengeneza ufae kwa LED. Katoni litakwambia saa 25,000. Ukiwasha saa tano kila siku, hiyo ni miaka 13 na ushei. Lakini ndani ya draiva nyingi mna kapasita zenye majimaji, na kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba joto likizidi kwa digrii 10, umri wa kapasita hizo hupungua karibu nusu. Taa ileile itakayodumu chini ya zege itakufa mapema chini ya bati. Chagua ambayo draiva iko nje ya taa na inachomoka kwa plagi, ili ikifa ubadilishe draiva peke yake. Soma na maandishi yake: iliyoandikwa 85–265V huvumilia umeme ukishuka jioni kuliko ya 220–240V. Mwambie muuzaji aiwashe, ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari mizito inatembea kwenye kioo, mwanga huo unapepesa hata kama jicho halioni. Usiwawekee watoto wanaosoma.

Niliwahi kufunga taa 12 kwenye nyumba ya mzee mmoja Pongwe. Kazi ilikwenda vizuri, nikalipwa, nikaondoka. Mvua za masika zikaanza kupiga bati, mzee akakerwa na kelele, akawatuma vijana watandaze magodoro chakavu ya sifongo dari zima. Baada ya miezi kadhaa taa nne zikawa zinazimika na kuwaka zenyewe. Nilipopanda na tochi, harufu ya plastiki iliyoungua ilinipokea kabla sijaona kitu. Sifongo juu ya draiva moja ilikuwa imegeuka kahawia, imenyauka na kugandana na boksi, na nilipoivuta ikatoka na ganda la waya. Nikamteremshia kile kipande. Alikishika kwa mikono miwili, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, na wajukuu wanalala chumba hiki." Sikuwa nimemwambia asifunike. Tangu siku hiyo simalizi kazi bila kumpandisha mwenye nyumba ngazini aone mwenyewe: juu na pembeni mwa kila taa pabaki wazi, si chini ya shubiri moja. Kama lazima ufunike dari, tafuta taa ambazo mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba zinaruhusu kufunikwa.

Walio karibu na bahari wana la ziada. Taa ya kuzama inashikwa na springi mbili, na za chuma hafifu Raskazone zinaliwa na kutu mpaka taa inaning'inia kwa waya. Uliza springi za chuma kisichoshika kutu. Bafuni na barazani soma namba ya IP: tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. IP44 inahimili marasharasha. Juu ya bomba la kuogea mimi naweka IP65. IP20 ibaki chumbani.

Sasa mwanga wenyewe. Acha kuuliza wati, uliza lumeni, maana wati ni unachokula kwenye LUKU na lumeni ndiyo unachopata. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Kwa sebule nakadiria lumeni 150 kila mita ya mraba, jumla 3,000, halafu naongeza theluthi kwa mwanga unaopotelea ukutani na kwenye vumbi: 4,000. Taa ya wati 7 yenye lumeni 600 zitatakiwa saba, nami nafunga nane zipangike safu mbili. Nane hizo ni wati 56. Ukiwasha saa tano kila siku, kwa mwezi utakula uniti 8 na kitu. Jikoni juu ya meza ya kukatia, kadiria mara mbili ya sebule.

Ukutani acha nusu ya nafasi iliyo kati ya taa na taa. Na tafadhali, pangaboi! Taa ikiwa juu ya mapanga yake, mwanga unakatwakatwa na chumba kizima kinacheza. Nimeona bibi akizimiwa feni usiku wa joto kwa sababu hiyo tu. Pangaboi la inchi 56 lina upana wa mita 1.4, basi taa ya karibu ikae mita moja na robo hivi kutoka katikati, na isiwe ya kutawanya mwanga sana. Pembe ya mwanga imeandikwa kwenye boksi. Ya digrii 40 inachora duara la kama mita moja na nusu ikiwa mita mbili juu ya kitu. Ya 120 inaosha chumba chote.

Kwa mwenye biashara, kitu cha kwanza kutazama ni CRI, namba inayosema mwanga unazionyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani; wengine wanaandika Ra. Nililijua hilo vizuri kwa mama muuza leso, Barabara ya Kumi na Mbili. Aliniita, nikamwamkia, hata chai hakunipa kwanza. Akanishika mkono, akachukua leso nyekundu ya damu ya mzee, akaitandaza kaunta chini ya taa mpya alizofungiwa na fundi mwingine. Ilikuwa ya matope. Akaipeleka mlangoni, juani, ikawaka. "Mteja kanirudishia jozi tatu wiki hii," akasema, "anadhani nimembadilishia." Boksi la zile taa lilikuwa na wati na rangi ya mwanga tu, CRI haikuandikwa popote. Nikamletea za 90 na zaidi, tukaitandaza leso ileile. Aliinama akautazama mji, ile sehemu ya katikati ya leso, akalisoma jina lililoandikwa, akaipitisha pindo vidoleni, akasema sasa ndiyo yenyewe.

Kwa nyumbani 80 inatosha. Kwa vitambaa, nyama, matunda na saluni, shikilia 90. Halafu uliza na R9, kwa sababu ile Ra ni wastani wa rangi nane zilizopauka; nyekundu kali ni ya tisa na haimo. Kama huna hakika, nenda dukani na leso yako nyekundu mkobani. Saluni ina jambo moja zaidi: taa ya utosini inamtia mteja kivuli chini ya macho. Mwanga utoke pande mbili za kioo.

Rangi ya mwanga ni hiari yako, ila mimi chumbani na sebuleni napenda kelvini 3,000 yenye unjano, jikoni na dukani 4,000. Ile nyeupe ya 6,500 inaifanya sebule ifanane na zahanati. Taa za rangi tatu zinazobadilika kwa kubonyeza swichi nazikwepa, kwani umeme ukikatikakatika, moja inarudi njano na jirani yake nyeupe, na hapo ndipo simu za saa nne usiku zinapoanza.

Nunua taa kabla fundi jipsamu hajatoboa. Taa ya upana wa milimita 120 inaweza kutaka tundu la 105, nyingine ya upana huohuo likataka 110, na tundu likizidi halirudi. Pima pia kina cha juu ya dari. Chini ya zege pasipo nafasi, tumia za kubandika. Na kama una bahati ya kumiliki nyumba ya Kiswahili yenye dari la boriti, nakuomba usitoboe kitu. Mwanga uelekeze juu kutoka ukutani, boriti zionekane.

Waya aunge fundi mwenye leseni, kila kiungo ndani ya boksi, swichi zigawe chumba mara mbili. Nunua taa mbili za ziada kutoka katoni lilelile, maana mwakani hutaipata inayofanana. Ndani ya mlango wa meini swichi, andika kwa kalamu isiyofutika: tundu 105, wati 7, kelvini 3,000, taa mbili ziko juu ya kabati.