Somo: Kupunguza mng'ao wa jua kwenye kamera ya droni, juu ya bahari na juu ya mabati

Mng'ao unaoharibu picha za angani uko wa namna mbili, na dawa zake hazifanani. Wa kwanza hutokea ndani ya lenzi: jua linapiga kioo cha mbele kutoka pembeni, mwanga unarukaruka kati ya vioo, picha inapauka au inatoka na madoa ya rangi. Wa pili unatoka chini: maji, mabati na vioo vya madirisha vinalirudisha jua moja kwa moja kwenye kamera. Wengi hukimbilia kununua filta kabla ya kujua wanapambana na upi. Hapa filta inakuja mwisho, na kazi nyingi zitaisha bila kuihitaji.

Vipimo vyote ni vya kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya inchi 1 (milimita 13.2 kwa 8.8) na lenzi inayoona nyuzi 84 kwa mshazari. Mahali ni Zanzibar, nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, visiwa ambavyo Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walianza kuvichora ramani kwa droni mwaka 2016. Huko paa la bati na maji ya kina kifupi mara nyingi huingia kwenye picha moja, kwa hiyo shida zote mbili utazikuta ndani ya mruko mmoja.

Hatua ya 1: Safisha lenzi. Upepo wa bahari huacha utando wa chumvi ambao kwa macho hauonekani, lakini jua likiupiga picha nzima hupauka. Puliza vumbi kwanza kwa pampu ndogo ya mkono. Kisha pangusa kwa kitambaa laini cha lenzi kilicholowa kidogo maji yaliyotoneshwa, ili chumvi iyeyuke, halafu malizia kwa kitambaa kikavu. Usianze na kitambaa kikavu: mchanga ulionasa kwenye chumvi utakwaruza utando wa kuzuia mng'ao, na utando huo haurudi. Kuhakiki, ingia chumba chenye giza, mulika tochi kwenye lenzi kutoka pembeni na utazame picha kwenye skrini. Ukiona ukungu kuzunguka taa, rudia.

Hatua ya 2: Ipe lenzi kivuli. Kofia ya lenzi huzuia jua lililo nje ya picha lisiguse kioo. Kipimo chake ni hiki: nusu ya nyuzi 84 ni 42, kwa hiyo kila milimita 10 za urefu kwenda mbele, mdomo wa kofia utanuke milimita 9 kila upande. Ukiubana zaidi, pembe za picha zitakuwa nyeusi. Ndani iwe nyeusi isiyong'aa. Iwe nyepesi pia, maana gimbali (mkono unaoshika na kutuliza kamera) ndogo ikilemewa hutoa onyo la mzigo na picha huanza kutetemeka.

Hatua ya 3: Chagua saa. Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Kamera inapotazama chini wima, taswira ya jua kwenye maji tulivu hukaa upande wa jua, kwa pembe ileile ambayo jua limeachana na utosi. Jua likiwa nyuzi 70 juu ya upeo wa macho, mng'ao uko nyuzi 20 tu kutoka katikati ya picha. Likiwa nyuzi 40, mng'ao unasogea hadi nyuzi 50, nje ya zile 42 za kamera. Mapema Machi, na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri Zanzibar hupita utosini kabisa. Ukiruka saa hiyo, kila picha ya bahari itakuwa na doa jeupe katikati.

Lenga jua la kati ya nyuzi 25 na 40. Simamisha kijiti cha mita 1: kivuli kikiwa kati ya mita 1.2 na 2.1, ruka. Mwezi Machi hiyo ni takriban saa mbili na robo hadi saa tatu na dakika kumi asubuhi. Juni ni kama saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu. Jioni nafasi hurudi, ila upepo huwa umeshachafua bahari. Wimbi lililoinama nyuzi 5 huuhamisha mng'ao nyuzi 10, kwa hiyo bahari yenye mawimbi hurudisha ndani ya picha kile ulichokitoa kwa saa nzuri.

Hatua ya 4: Panga mistari ya kuruka kwa kufuata jua. Picha ni pana kushoto na kulia, fupi mbele na nyuma: nyuzi 37 kila upande kwa upana, 27 kwa ufupi. Ukiruka kuelekea jua na kurudi ukilipa mgongo, mng'ao huangukia upande mfupi, na umepata nyuzi 10 za bure. Isipotosha, inamisha kamera nyuzi 10 kutoka wima, itazame mbali na jua. Lakini funga uelekeo wa droni. Usipofunga, ikigeuka kuanza mstari wa pili kamera itakuwa inatazama jua.

Hatua ya 5: Weka mwanga kwa mkono. ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, uwazi wa lenzi f/4, anza na shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/1000, halafu ifanye fupi zaidi hadi histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, isigonge ukuta wa kulia. Hifadhi faili ghafi (RAW). Pikseli (nukta ya picha) iliyokwisha kuwa nyeupe tupu haina taarifa ya kuokoa.

Hatua ya 6: Polaraiza, yaani filta inayochuja mwanga unaorudishwa na maji, kama bado inahitajika. Inafaa kamera inapotazama maji kwa mshazari, vizuri zaidi ikiinama nyuzi 37 chini ya upeo wa macho. Ikitazama chini wima haisaidii karibu chochote. Iweke ukiwa chini: tazama beseni la maji kwa pembe hiyo, zungusha filta hadi mwako ufe, ndipo urushe. Inakula mwanga, shata ya 1/1000 itashuka karibu 1/250, kwa hiyo punguza mwendo kutoka mita 8 kwa sekunde hadi 4.

MASWALI

Mkuu, nimefunga filta ya kupunguza mwanga, ND16, na bado bati linang'aa. Nipande ND32?
Hapana. ND hupunguza kila kitu kwa kiwango kimoja, bati na mchanga pamoja. Tofauti kati yao inabaki ileile. Tena inakulazimisha kushusha shata. Kwa mita 8 kwa sekunde na shata ya 1/100, droni husogea sentimita 8 wakati picha inapigwa. Ukiwa mita 100 juu, pikseli moja ni kama sentimita 2.7, kwa hiyo umefifisha pikseli tatu. Ivue.

Basi kwa mabati polaraiza itasaidia?
Bati tupu, hapana. Metali hairudishi mwanga kwa namna ambayo polaraiza inaweza kuichuja vizuri. Bati lililopakwa rangi, kidogo. Dawa ya bati ni mwingiliano wa picha wa asilimia 80 kwa 80, yaani kila picha irudie asilimia 80 ya jirani yake, mbele na pembeni: droni ikisogea, mng'ao unahamia paa jingine, na programu inayounganisha picha kuwa ramani inapata picha nyingine safi ya paa lilelile. Sehemu za picha zilizoungua kwa mwanga zifunike kwa maski (ziambie programu izipuuze) kabla ya kuchakata, la sivyo paa litatoka na mashimo au vibonge ambavyo havipo.

Mwalimu, naona vidoa vya kijani upande wa pili wa jua. Lenzi imeharibika?
Lenzi ni nzima. Ni mwanga unaorudishwa kati ya vioo, ndiyo maana vidoa hujipanga kwenye mstari unaopita katikati ya picha. Vua filta kwanza: kila uso wa kioo kisicho na utando hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na filta bapa inakuongezea nyuso mbili. Vikibaki, badili uelekeo au ongeza kofia.

Nikishusha karibu na maji droni inayumba yenyewe, wakati GPS iko sawa. Kwa nini?
Hizo ni kamera za chini zinazosaidia droni kutulia. Zinafuata alama za ardhini, na mwako juu ya mawimbi ni alama inayokimbia. Miongozo ya droni za DJI inaonya wazi kuhusu maji na nyuso zinazoakisi. Juu ya bahari usishuke chini ya mita 10 bila sababu, usiiache droni itue yenyewe, na ukirudi tua mwenyewe kwenye turubai lisilong'aa, mbali na maji.