Mikopo ya dagaa inapozama pamoja: namna ya kuikadiria kwa R

Afisa mikopo wa saccos moja hapa Mwanza aliniletea orodha ya wakopaji 200, karibu wote wa Igombe na Mwaloni Kirumba: wenye mitumbwi, akina mama wanaoanika dagaa, bodaboda wanaowabebea magunia. Kila mwaka 5 kati ya 100 hushindwa kulipa. Akapiga hesabu ya watakaoshindwa: 10, mwaka mbaya sana 18. Nikamuuliza, mvua ikipiga wiki tatu, dagaa wakauzwa bei ya chakula cha kuku, nani atabaki mzima? Akacheka. "Hata bodaboda hana abiria."

Hatua ya 1: Chechefu ni aliyechelewa siku 90. Usitumie wiki mbili. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, wote wanachelewa. Giza likirudi wanalipa.

Hatua ya 2: Fungua R, programu ya takwimu. Excel iachie daftari la marejesho.

Hatua ya 3: Hapa niliwahi kupoteza Jumamosi nzima. Mpe kila mkopaji alama:

alama = sqrt(0.2)*Z + sqrt(0.8)*e

Z ni ziwa, linawagusa wote. e ni yake peke yake: kuugua, injini kuibiwa. Alama ikishuka chini ya qnorm(0.05), yaani -1.645, mpaka ambao watu 5 kati ya 100 huangukia chini yake, huyo ni chechefu. Ndiyo hesabu ya Vasicek, mtaalamu wa hisabati ya fedha; 0.2 inaitwa rho, uzito wa ziwa kwa wote.

Sasa angalia. Z ni rnorm(1), namba moja ya kubahatisha kwa mzunguko mzima, yaani mwaka mmoja wa kuigiza kwa wote 200. e ni rnorm(200), namba 200, kila mtu yake. Mimi niliandika rnorm(200) kote, kila mtu nikampa ziwa lake! Idadi ya machechefu ikatoka nzuri, 9, 12, 10, nikaipenda. Wastani haulifichui kosa hili, 10 inatoka vilevile. Tazama mizunguko mibaya. Kosa la vipeuo ndilo wastani unalikamata: ukisahau sqrt (kipeuo), unapata wastani wa kama 5.

Hatua ya 4: Rudia mara 100,000, kila mara hesabu machechefu, panga idadi hizo kuanzia ndogo, soma nafasi ya 99%. Ilitoka kama 50. Si 18.

Hatua ya 5: Badili rho. Kwa 0.1 utaona kama 35, kwa 0.3 kama 66. Basel II, kanuni za kimataifa za mitaji ya benki, huzipa kampuni 0.12 hadi 0.24, lakini kampuni hizo hazianiki kitu juani. Wakopaji wakiwa mwalo mmoja mimi huweka 0.3. Afisa alikuwa anaibembeleza 0.1.