Kuandaa pikipiki ya kujifunzia kabla ya mtihani wa NTSA

Karibu kila kitu utakachoambiwa ufanye kwenye mtihani wa pikipiki wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, hufanywa polepole: kupita katikati ya vikoni, kuzunguka, kusimama pale pale ulipoonyeshwa, kuondoka bila kuruka. Pikipiki iliyochoka inaweza kukimbia vizuri tu kwenye lami ya kwenda Busia, lakini ukiirudisha kwenye mwendo wa mtu anayetembea, ubovu wote unajitokeza. Ndiyo maana matayarisho haya yanashughulikia zaidi mambo yanayoitawala pikipiki ikiwa gia ya kwanza.

Tunazungumzia pikipiki ndogo za cc 100 hadi 150, kama Boxer na TVS. Hapa Kisumu pikipiki ya kujifunzia mara nyingi ni ya bodaboda, imeazimwa kwa ndugu au jirani, na imefungwa ili ibebe abiria na magunia. Ichukue mapema, siku tatu kabla ya mtihani, ili kila utakachokaza upate muda wa kukizoea.

Tanguliza klachi. Pale mkono wa klachi unapokutana na kishikio chake, acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kabla kebo haijaanza kuvuta. Nafasi ikizidi, klachi haiachii kabisa: ukiingiza gia ya kwanza pikipiki inajisogeza yenyewe, na ukisimama nyutro inakataa kuingia. Nafasi ikikosekana, klachi inateleza na sahani zake zinaungua. Anza na skrubu ya juu kwenye mkono; ikifika mwisho, irudishe ndani kisha urekebishe nati za chini, karibu na injini. Chungulia pia kichwa cha kebo. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, badilisha kebo nzima, na uibadilishe siku hizo tatu kabla, kwa kuwa kebo mpya hukaa sawa baada ya kutumika kidogo na itahitaji kukazwa tena. Kuifunga asubuhi ya mtihani ni kujitafutia shida.

Kisha sikiliza injini ikinguruma bila kuongezwa mafuta. Iendeshe kwanza dakika 10 ipate moto, maana ukirekebisha injini baridi utadanganyika. Geuza skrubu ya kabureta kidogo kidogo mpaka mngurumo uwe wa chini lakini usiozimika hata ukiwasha taa kubwa na kukanyaga breki kwa pamoja. Ukiuacha juu mno, pikipiki itakusukuma kwenye vikoni. Ukiushusha mno, itakuzimikia unapogeuka. Sasa zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Sauti ya injini isibadilike. Ikipanda, kebo ya mafuta inavutwa: imepitishwa vibaya au haina ulegevu wa kutosha, na siku ya mtihani pikipiki itaongeza mwendo yenyewe katikati ya kona.

Usukani wenyewe upime ukiwa umesimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mtu akikandamiza nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke. Ugeuze taratibu kwa kidole. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimechimbika, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyopiga mashimo na mizigo mizito. Pikipiki kama hiyo haiendi moja kwa moja ikiwa polepole. Inayumba, na mtahini ataona ni wewe unayeyumba. Kukaza hakusaidii hapo. Fundi abadilishe beringi pamoja na vikombe vyake.

Cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya spoketi mbili, ila usome kitabu cha pikipiki yako kama unacho. Zungusha gurudumu la nyuma upime sehemu nne, kwa sababu cheni iliyozeeka huvutika bila usawa. Iliyo sawa hapa inaweza kuwa imekazika pale. Rekebisha kwa kufuata pale ilipokaza zaidi, na alama za pande zote mbili zilingane. Cheni legevu ndiyo inayoleta yale mastuko ukiongeza na kupunguza mafuta. Ipake oili ya gia namba 90, usipake oili chafu iliyotolewa kwenye injini, kwani ina chembe za chuma zinazosaga.

Jambo linalosahaulika ni hili: ukisogeza gurudumu la nyuma kukaza cheni, breki ya nyuma imebadilika pia. Irekebishe upya kwa nati iliyo mwisho wa fimbo yake, kanyagio liwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30, na gurudumu lizunguke huru ukiachia. Kisha angalia kama taa ya breki bado inawaka kwa wakati wake. Breki hii ndiyo rafiki yako kwenye mwendo wa polepole. Usiipime punde tu umeshuka mlima wa Riat, kwani ngoma ya breki ikipata moto breki hupungua nguvu.

Tairi za bodaboda hujazwa upepo kwa ajili ya mzigo. Wewe uko peke yako: 25 psi mbele na 28 nyuma, zikiwa baridi.

Ng'oa mwavuli. Upepo wa ziwani wa alasiri ukiukamata, hakuna mwanafunzi atakayeshika mstari. Toa na keria ya pembeni kama ipo.

Taa zipime injini ikiwaka, kila moja: taa ya breki kwa mkono, kisha kwa mguu, halafu indiketa nne. Indiketa ikipepesa haraka kuliko zilizobaki, balbu moja upande huo imekufa au si ya wati sahihi. Nyingi hutumia wati 10. Honi ilie. Vioo viwili viwepo, na uvielekeze ukiwa umekaa. Bango la L mbele na nyuma, bima iwe hai, na helmeti na koti la kuakisi viwe vyako, vinavyokutosha.

Ioshe siku moja kabla. Maji ya asubuhi yanaingia kwenye ngoma za breki na kofia ya plagi, na pia usiioshee ziwani, oili yake itachafua maji. Petroli nusu tangi inatosha: tangi likijaa, uzito unakaa juu.

Kama utafanya mtihani kwa pikipiki nyingine tofauti na uliyojifunzia, uliza mpangilio wa gia. Kuna ambazo gia zote hukanyagwa mbele, na kuna ambazo ya kwanza iko chini na nyingine hunyanyuliwa. Ukichanganya, utajikuta gia ya tatu ukidhani ni ya kwanza.

Ukifika uwanjani, fungua koki ya petroli, iwashe dakika 5, na uhakikishe umerudisha choki kabla hujaitwa.