Kupanga kazi za ofisi kwa simu: orodha mbili zinatosha

Nawaandikia wenzangu wa ofisi za mizigo hapa Kigoma, ingawa karani yeyote anaweza kufuata. Kazi yetu nusu yake ni kusubiri: behewa litoke Dar es Salaam, mteja wa Bujumbura alete ankara, ipatikane nafasi kwenye meli ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Na jambo linalosahaulika zaidi ni lile ulilokwisha kumwachia mtu mwingine.

Hatua ya 1. Pakua Google Tasks, programu ya simu ya kuandika orodha za kazi. Ni bure, unaingia kwa akaunti yako ya Gmail. Fungua orodha mbili tu: "Za kufanya" na "Nasubiri". Wapo wanaofungua kumi. Wiki ya pili hawajui lipi liko wapi.

Hatua ya 2. Kila kazi ianze na kitenzi. Ukiandika "Saruji ya Kalemie", kesho utabaki unajiuliza ulitaka nini. Andika "Mpigie mteja wa Kalemie, uliza idadi ya mifuko". Kazi ndefu iongezee kazi ndogo chini yake: ankara, orodha ya vifurushi, malipo ya bandari.

Hatua ya 3. Maagizo mengi huja WhatsApp, tena kwa sauti. Sikiliza, andika mstari mmoja kwenye orodha, ndipo ujibu "sawa bosi". Ujumbe uliowekewa nyota utaupata ukiutafuta, lakini haukukumbushi.

Hatua ya 4. Weka muda, na hapa uwe makini. Saa 2 asubuhi kwenye simu ni 08:00. Ukichagua 02:00 utaamshwa usiku wa manane. Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja: kwao ikiwa 08:00, kwetu ni 09:00. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo ukiwa ziwani, inaweza kubadili saa yenyewe. Zima mpangilio wa saa wa otomatiki, uchague Tanzania.

Hatua ya 5. Ukimaliza upande wako, weka tiki, kisha andika kwenye "Nasubiri": nani, kitu gani, umuulize lini. Mfano: "Dereva, hati ya mzigo, Jumatano saa 4". Asubuhi anza na orodha hii kabla ya barua pepe. Mtandao ukikatika, wewe andika tu, uliyoandika yatapanda mtandao ukirudi.

Mkiwa zaidi ya mmoja ofisini, mizigo ya pamoja iwekeni kwenye Google Sheets, jedwali la mtandaoni mnaloweza kulijaza wote, safu nne: mzigo, ulipo, anayeushughulikia, tarehe ya kuulizia. Safu ya tano mtaitamani; msiiongeze.