Kutenga Pembe ya Utulivu Katika Nyumba Yenye Watu Wengi

Katika nyumba nyingi za kwetu, mtu anayejitenga peke yake huhesabiwa kuwa ama anaumwa ama amenuna. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na mazungumzo, wala hauanzi na pazia, mto au taa, kwani pembe ya utulivu ambayo wenzako wa nyumbani hawajaielewa haidumu hata wiki mbili. Nilipotenga yangu mara ya kwanza, katika vyumba viwili tunavyopanga Temeke, Dar es Salaam, sikumwambia mtu yeyote. Siku ya tatu mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kukaa nasi, alimwita mume wangu uani akamuuliza kwa sauti ya chini ni jambo gani limeniudhi hata nimeacha kukaa na watu jioni. Niliposikia hayo nilimwendea, nikaketi chini karibu naye nikamwambia: “Mama, sijaudhika na mtu. Nikirudi kutoka kazini kichwa kimejaa makelele ya kutwa nzima. Nikikaa kimya nusu saa, narudi kwenu nikiwa mzima.” Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi ungesema, mwanangu. Watoto nitawashika mimi.”

Kwa hiyo, kabla ya kusogeza hata kiti kimoja, waeleze watu wa nyumbani mambo matatu: kwa nini unahitaji mahali hapo, utakaa kwa muda gani, na ni ishara gani itakayoonyesha kuwa uko mapumzikoni. Kwetu ishara ni kanga tuliyoitundika kama pazia, ikiwa imevutwa. Kanga ikiwa imevutwa, watoto hawaiti mpaka ifunguliwe, isipokuwa mtu ameumia, kuna moto jikoni, au mgeni amebisha hodi. Mtoto mdogo atasahau mara nyingi, naye akumbushwe kwa upole, kwa maana kwake kanga iliyovutwa bado ni mchezo wa kujificha. Muhimu zaidi ni kwamba haki hiyo isiwe yako peke yako: mkubwa mwingine wa nyumba naye apewe saa yake katika pembe hiyohiyo, na kijana anayejiandaa kwa mtihani apewe yake.

Baada ya makubaliano, chagua mahali. Wahenga waliojenga nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, walilielewa jambo hili vizuri. Mgeni alipokewa kwenye daka, yaani baraza iliyo nje ya mlango. Aliyeruhusiwa kuingia alipita tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, akatokea kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha ikafuata misana, yaani kumbi ndefu zinazofuatana, na mbele zaidi ndipo palipokuwa na chumba kiitwacho ndani, chenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo vya thamani. Kadiri mtu alivyozidi kwenda mbele, ndivyo alivyozidi kuiacha njia ya wapita njia. Sisi wenye vyumba viwili hatuna kiwanda wala misana, lakini kanuni ni ileile: mahali pa utulivu pawe pale ambapo hakuna mtu anayepita kwenda kwingine. Mimi nilikosea hapo mwanzoni, kwa kuwa niliweka mkeka karibu na mlango wa uani, penye mwanga mzuri, nikasahau kwamba kila ndoo ya maji ya nyumba nzima ilipita hapo. Sasa pembe yangu iko kati ya kabati la nguo na dirisha la chumba cha kulala, eneo la takriban mita 1 kwa mita 2, na linatosha.

Kisha angalia jua na upepo. Katika pwani yetu kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kwa hiyo dirisha linaloelekea mashariki hunufaika na misimu yote miwili, mradi jengo la jirani halijalikinga. Ukuta unaoelekea magharibi, hasa wa matofali ya saruji, hupigwa na jua alasiri yote, na joto hilo huendelea kuingia chumbani hata baada ya magharibi. Weka kiganja chako ukutani saa moja jioni: ukihisi joto kama la pasi iliyozimwa punde, usikae hapo, hata kama pamependeza kwa macho.

Hatua inayofuata ni kuondoa, na watu wengi huiruka wakakimbilia kununua. Toa kila kitu kinachokukumbusha kazi ambayo haijaisha: nguo zinazosubiri kupigwa pasi, sanduku la safari, daftari la hesabu za kikoba, madumu ya maji na chaja za simu. Mambo haya yakibaki mbele ya macho, mwili utakuwa umeketi huku akili ikiendelea kupiga pasi. Simu nayo ikae chumba kingine, au, ikiwa unasubiri habari ya mgonjwa, ikae nje ya pazia ikiwa na sauti, ili uisikie bila kuishika. Rangi za ukuta sizipi uzito mkubwa. Chokaa nyeupe iliyo safi yatosha, na mpangaji hana ruhusa ya kupaka apendavyo hata hivyo.

Kwa kukalia, pendekezo langu ni mkeka wa ukindu, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Jamvi, linalosukwa kwa miyaa, yaani majani ya mkoma, ni gumu na linafaa zaidi kwa shughuli za watu wengi, lakini mkeka wa ukindu ni laini, hauhifadhi joto kama zulia la nailoni, na hausumbui kufagia. Unapouchagua sokoni, ugeuze upande wa chini utazame mishono inayounganisha shupatu moja, yaani ukanda uliosukwa, na jingine: uzi uwe umepita karibu karibu bila kurukaruka, na ukiubonyeza kwa kidole gumba usione mwanga kati ya mashupatu. Uinuse pia. Mkeka mpya ulioanikwa vizuri hunuka majani makavu, harufu iliyo karibu na ya ghala la nafaka, na wenye harufu ya uvundo uliwahi kulowa ukahifadhiwa ukiwa mbichi. Wenye maumivu ya magoti au mgongo wasijilazimishe kukaa chini. Kiti kifupi chenye egemeo, kilichowekwa juu ya mkeka huo, kinawafaa zaidi.

Pazia laweza kuwa doti moja ya kanga, vipande viwili vikiwa bado havijakatwa, ikipitishwa kwenye waya wa pazia. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kupigilia misumari ya zege, kwa sababu tundu moja ukutani limewahi kuzua ugomvi mkubwa kuliko kodi yenyewe. Kanga huruhusu upepo na kuzuia macho, ingawa sauti haiizuii. Katika nyumba za vyumba sita zenye korido katikati, ambazo nyingi kuta zake hazifiki darini, mazungumzo ya jirani hupita juu ya ukuta, na huwezi kuyaziba bila gharama. Unachoweza kufanya ni kuviringisha khanga kuukuu uiweke chini ya mlango, kuegemeza kabati la nguo kwenye ukuta unaopakana na jirani, na kuchagua saa ambayo redio zimepumzika. Mtaani kwetu saa hiyo ni baada ya adhana ya alfajiri, kabla ya bodaboda kuanza kunguruma.

Kuhusu mwanga wa usiku, soma namba iliyo kwenye boksi la balbu: yenye kelvini 2700 hutoa mwanga wa manjano unaofanana na wa kandili, na yenye kelvini 6500 hutoa mweupe wenye ubuluu. Huo mweupe unafaa jikoni na mezani pa kusomea, lakini usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala.

Harufu ndiyo zawadi kubwa ambayo pwani imetupatia kwa kazi hii. Asumini, ukiyachuma alasiri yakiwa bado matumba yaliyofumba na kuyaweka kwenye kisahani chenye maji kidogo, hufunguka usiku na kujaza chumba harufu bila moshi wowote. Rihani kwenye kopo la dirishani hutoa harufu kila upepo unapoligusa au kiganja kinapolipapasa. Udi na ubani vina heshima yake, lakini chetezo kina makaa, na makaa yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu aliyejifungia chumbani. Fukiza chumba kwanza ukiwa umefungua dirisha, kisha utoe chetezo nje ndipo uingie ukae. Usilale nacho ndani kamwe, wala usikiweke karibu na kanga inayopeperuka.

Ukipenda mimea, anza na mmoja tu, na kisahani cha chini ya chungu ukimwage na kukisugua kila wiki. Dar es Salaam imepitia milipuko ya homa ya dengi, ukiwamo wa 2014 na wa 2019, na mbu anayeieneza huzaliana katika maji machache yaliyotuama kama hayo.

Siku za mwanzo usijiwekee masharti makubwa. Keti dakika kumi, uvute pumzi taratibu, usali au ufanye uradi wako ikiwa ndiyo desturi yako, au utazame tu kivuli cha nondo za dirisha kikisogea juu ya mkeka. Ukisinzia, lala.

Jumamosi toa mkeka nje, uukung'ute, uupanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha uuanike kwenye kivuli chenye upepo, kwa kuwa jua kali hupausha rangi na kuufanya ukindu ukatike. Ukiisha kukauka uviringishe, usiukunje, kwa maana mishono ya mashupatu huanza kuachia penye mkunjo. Wangu nauegemeza nyuma ya kabati, na mara nyingi nikirudi jioni nakuta umekwisha kutandikwa, kanga imevutwa, na ndala za mama mkwe zimepangwa sawasawa nje ya pazia.