Ya Kukariri na ya Kutafuta: Namna ya Kuyatenga Katika Kazi ya Tabibu

Unapoamua kama jambo likaririwe au litafutwe, angalia kwanza mgonjwa ana muda gani. Ambaye moyo wake umesimama hawezi kusubiri kurasa zifunuliwe. Kwa hiyo mhudumu anapaswa kujua bila kuuliza kwamba kifua cha mtu mzima hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na kwamba mtu mzima anayebanwa pumzi kwa mzio mkali huchomwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mambo ya namna hii ni machache. Yaorodheshe, kisha yafanyie mazoezi na wenzako mara kwa mara, maana yasiyotendwa husahaulika upesi.

Yaliyobaki, hasa yenye tarakimu, yatafute hata unapodhani unayajua. Mtoto wa kilo 12 anayepewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 180, ambazo katika dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 ni mililita 7.5. Ukimpimia mililita hizo hizo kutoka chupa yenye miligramu 250 kwa mililita 5, utakuwa umempa miligramu 375, yaani zaidi ya maradufu. Basi mpime uzito siku hiyo hiyo, soma lebo, andika hesabu kwenye faili na umwombe mwenzako airudie. Methotrekseti, dawa ya baridi yabisi ambayo hutolewa mara moja kwa wiki, imewahi kuua wagonjwa kwa sababu tu iliandikwa itumiwe kila siku.

Kutafuta nako kuna utaratibu wake. Fungua mwongozo wa tiba unaotumika kazini kwako, hakikisha toleo ni la karibuni, na uulize swali kamili: dozi ya gentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mgonjwa wa umri huu, uzito huu na figo zenye uwezo huu. Hapa wanaodai kwamba hakuna haja ya kukariri kwa kuwa kila kitu hutafutwa kwenye simu hujidanganya, kwani asiyejua kuwa gentamisini hutolewa mwilini na figo hatafikiri kuuliza habari za figo.

Usione haya kumwambia mgonjwa, "Naomba nihakikishe kipimo cha dawa yako kwanza." Mwongozo ukipingana na unachokumbuka, na hali si ya dharura, dawa isitolewe mpaka uzungumze na mfamasia.